Mlango Katikati ya Miwa

Moshi ule niliufukiza mimi.
Mkiitazama filamu, pale msichana anapofumba macho
na dunia ikaanza kuelea, mjue
ni mimi Nyangweso, nimechutama nyuma ya tuta,
napepea magunzi mabichi kwa kifuniko cha sufuria,
machozi yananitoka, wala si kwa huzuni.

Walikuja Muhoroni na magari mawili na jenereta,
wakatufundisha jinsi ndoto inavyotambulikana:
ndoto ina ukungu, ndoto haina kivuli,
anayeota huvaa nyeupe na hutembea kama aliye majini.
Ukweli nao, walisema, sharti utikisike kidogo,
kamera ibebwe begani,
kuku apite,
mtu akohoe.

Farasi mweupe alikosekana.
Wakamchukua beberu wa Otiato, wakamwogesha kwa sabuni ya unga
mara tatu, na bado magoti yake yalikuwa ya Muhoroni.

Kisha wakataka mlango.
Mlango mtupu, bila ukuta, usimame peke yake kwenye miwa.
Mwongozaji, kijana mpole aliyevaa kofia ya sufu juani,
alisema mlango ni mpaka:
huku tunaishi, kule ndiko twendako sote.
Mama akamsikiliza mpaka mwisho.
Akasema, Wangu upo. Mnatoa ngapi?

Mia nne kwa siku.
Tuliung'oa na bawaba zake, rangi ya samawati imebabuka,
namba ya sensa ingali pale kwa chaki,
na usiku ule nyumba yetu ilijisitiri kwa leso,
mbu wakaingia bila kubisha hodi.

Miezi minane baadaye wakarudi,
wakatundika shuka kwenye ukuta wa shule ya msingi.
Walimu walisubiri maana. Sisi tulisubiri vitu vyetu.
"Beberu huyo! Otiato, beberu wako!"
Na Otiato, aliyekwisha kumuuza kwa sababu ya karo,
akatazama viatu vyake.

Ndipo ukaja mlango.
Moshi wangu ukapita chini yake, mzuri kuliko nilivyoupepea,
msichana akanyoosha mkono kwenye komeo,
na nyuma, upande wa kushoto, kwa sekunde mbili,
mama yangu akapita na karai la nguo kichwani,
anaharakisha, hana habari na kamera,
ndara moja imekatika gidamu, anaiburuta.

Waliokata filamu hawakumwona.
Au walimwona, wakadhani ni ishara.

Tulikuwa tumemzika mwezi wa tatu.
Hatukuwa na picha yake yoyote inayotembea.
Nilitaka kupiga kelele kama wale wa beberu,
nikashindwa, na shuka likaendelea na mambo yake.

Nimemwota mara nyingi tangu siku hiyo.
Hakuna ukungu. Hakuna nguo nyeupe.
Yuko jikoni, kivuli chake kimelala pale kinapolala saa nne,
kuku anapita, yeye anakohoa,
anamenya viazi vitamu na kurusha maganda kwenye ndoo,
anakosa, kama zamani.
Kila kitu kinatikisika kidogo.
Halafu ananiuliza bila kuinua macho:
ile bawaba ya chini, mliikaza?

Nami huamka kabla ya alfajiri.
Ni msimu wa kuchoma miwa.
Masizi yanashuka polepole juu ya kamba za nguo,
ukungu umelala juu ya reli, sioni stesheni,
mtu mmoja anapita na shuka jeupe mabegani
na sisikii hatua zake.
Narudi, naushika mlango, nausukuma.
Unalia palepale ulipozoea kulia.