Bizimu

Hallkel alirudi majani yakipukutika,
meli imelemewa na shehena.
Akanipa bizimu la shaba iliyopakwa dhahabu,
pana kama kiganja cha mtoto,
nyoka wamesukana humo hata hujui kichwa ni cha yupi.
Akasema, "Nimelinunua."
Sikuuliza kwa fedha gani.
Shoka lake lilikuwa na pengo jipya.

Nililivaa kwenye karamu ya kuchinja nguruwe.
Wake wa Sogn wakanitazama kifuani, si usoni.
Nyuma yake palikuwa na matundu manne
na msumari mmoja uliopinda,
bado umeng'ang'ania kibanzi cha ubao.
Nilikibandua kwa kisu, nikakitupa motoni.

Pamoja na bizimu alileta msichana,
Lassar, wa Ayalandi,
mwenye mafua yasiyokwisha na vidole vijuavyo kukamua.
Miezi mitatu hakunena ila na ng'ombe,
nao, nawaambia, walimwelewa kabla yetu.

Siku moja ya theluji niliinama zizini,
akaliona kwa karibu.
Hakupiga kelele. Alijifuta kidole kwanza,
kisha akagusa tundu moja, la pili, la tatu, la nne,
kama mtu ahesabuye meno ya maiti anayemjua.

"La kitabu," akasema, kwa lugha yetu aliyoiokota okota.
Mjomba wake ndiye aliyekifungua,
mikono ikishaoshwa.
Kitabu ndiyo nini? Nilimuuliza hivyo hivyo.
Akafikiri. Akanionyesha ndama.
Ndama mmoja, kurasa mbili.
Ndama mia na ushei, wakachunwa, wakakwanguliwa, wakawambwa,
ili maneno yapate pa kulala.

Mimi ninao ndama kumi na mmoja.
Najua kila mmoja alizaliwa usiku gani,
yupi alitanguliza miguu, mkono wangu ndani hadi kiwiko.
Mia na ushei!
Na Hallkel kaniletea komeo,
nyumba kaiacha matopeni.

"Na maneno yenyewe?"
"Yameloa," akasema, akarudi kwenye ndoo yake.

Sitalirudisha. Nimrudishie nani?
Wala nisijivike wema nisio nao:
dhahabu ni dhahabu, hata ya kupaka,
na binti yangu ataolewa.

Ila usiku ule, Hallkel akikoroma,
niliamka nikayachakura majivu ya jikoni,
natafuta kile kibanzi.
Mjinga mimi.
Majivu ya vuli tulikwisha kuyafulia
mashati yake ya safari.