Fundi Joho wa Lamu

Baba yao akohoa, Yumbe juu, ghorofani,
Bwana Vae kanijia, siri-siri, Mkomani,
joho ataka kuvaa, la dhahabu kifuani.
Nilipima, katulia kama mwana wa jandoni.

Lilipoingia giza, Titi naye: hodi, hodi!
Mke wa mwana wa kwanza, kajifukiza kwa udi.
"La Vae ukipunguza, takulipa na zaidi."
Sindano nikapenyeza, vidole vyangu baridi.

Kulipokucha, waziri kaja na nguo nyeupe.
"Sanda mbili," kakariri, bila kupepesa kope.
"Na joho hili la zari, nani, Bwana, nikampe?"
Kapanua kwa fahari mikono yake myeupe.

Nimekata, nimeshona. Mkasi hauna jina.
Baki nyeupe ya jana nimeiwekea bwana.