Ogari

Baba alirudi kutoka Poland mwaka themanini na mbili
na koti zito lisilovalika Tandika,
sindano za mifugo, na neno moja: ogar,
mbwa wa msasi, masikio yamelala.
Akampa mbwa wetu, ambaye hakuwahi kuwinda
ila panya, nyuma ya mashine ya kusaga.

"Limetoka wapi?" Nilikuwa darasa la nne.
Akaacha kukata kucha.
Wapo wasemao limetoka kwenye kuungua,
kwa ule mgongo mweusi, sufuria ya mama lishe.
Wengine hulifuata hadi kwa Wahungaria,
wengine hawaishii hapo, wanapanda Kaukasi,
kwa watu wa farasi, kuna neno huko linafanana nalo;
kisha mto.
Harufu inakatika.
Maprofesa wanabaki ukingoni, suruali wamekunja,
kila mmoja anabweka upande wake.

"Na mwenye mbwa alisemaje?"
"Mwenye mbwa hakuandika kitu.
Aliita tu, mbwa akaja."

Mtaani neno halikumaliza wiki.
Shomvi wa Mama Siwema, miaka saba,
alisikia Gari, akaita Gari.
Mama yake, aliyekusanya kanga kila mbwa akipita,
naye akaita Gari, kwa mbali, toka mlangoni.
Kwa nini Gari? "Si anakimbiza magari?"
Hakuwahi kukimbiza gari hata moja.
Alianza baada ya kuitwa.

Baba alicheka mpaka miwani ikadondoka.
Akatafuta kadi, akaandika kwa kalamu inayovuja:
Ogar. Tazama pia: gari (Tandika).
Asili: Shomvi.
Chini yake, kwa herufi ndogo:
na gari lenyewe tulilipata kwa Wahindi.

Kadi ninayo. Wino umekuwa rangi ya chai.
Baba tulimzika Kinondoni; mbwa alitangulia,
lori la saruji, Barabara ya Mandela,
alikufa akiwa kazini, kazi aliyopewa na jina.

Jana, karibu na sokoni, mtoto nisiyemjua
alinionyesha kijibwa chenye mgongo wa masizi.
"Hilo ni gari," akasema. "Lile jingine ni mbwa tu."
Nikafungua mdomo nimweleze:
moto, Wahungaria, mto...

Akapiga mluzi. "Gari!"
Kijibwa kilishafika.