Nyuzi Kumi na Saba

Bidiya, asubuhi, mchanga haujashika moto.
Muzna binti Hamduni anagongelea vigingi vinne kwa jiwe.
Cha nne hakishiki. Mchanga umekitema mara tatu.
Basi kamba, na ile kamba kwenye bampa la gari la Khalfani,
na Khalfani kaambiwa: leo huendi popote.

Kazi yangu ni donge la uzi.
Kwenda nalo, kurudi nalo,
juu ya boriti ya Muzna, chini ya boriti ya Zuwena,
hatua tisa, kisha tisa,
sufu nyekundu ikinipita kati ya vidole
na harufu ya kondoo ambaye rangi haikumfuta.

"Usivute," ananiambia. "Wala usiachie."
Sasa nifanye nini, nikamuuliza, kati ya hayo mawili?
Akatafuta jibu katika Kiswahili cha Pemba
alichorithi kwa mama yake pamoja na mbuzi ya kukunia nazi:
"Ushike kama ugwe wa mbuzi ajuaye kwao."
Wa miguu minne, akaongeza, nisije nikakosea.

Mimi nimekulia kwenye ukili.
Ukili unasamehe: ukilegea unaubana,
ukipinda unaukalia, na wageni hawaoni.
Huku hakuna kusamehewa. Huku mshindio hujificha,
mtande ndio uso wa zulia,
na uso hauvai kilemba.

Saa tatu simu ikalia. Hidaya, kutoka Ujiji.
Nikaibana kwa bega, nikaendelea kutembea.
Nyumba ya mama imeuzwa, alisema.
Siyo inauzwa. Imeuzwa.
Kaka katia saini, mnunuzi keshapaka chokaa,
mlango wa uani umezibwa kwa matofali.
Nikasema ndiyo. Nikasema nimesikia.
Hatua tisa, kisha tisa.
Mkono haukusimama hata mara moja,
na nikajisifu kwa hilo.

Jua lilipofika kwenye ukuta wa zizi
Muzna alifumba macho, akapitisha kiganja juu ya mtande
kama anayempima mtoto homa.
Kikaenda, kikaenda, kikasimama.
Akarudi nyuma. Akahesabu kwa kucha.
"Kumi na saba," akasema. "Hapa ulikuwa wapi?"

"Ujiji."

Hakusema pole. Aliuliza vyumba vingapi.
Vitano, nikamwambia, na baraza,
na mlango wa uani.

Uzi uliokazwa haukubali kubaki hivyo.
Ukitoka kigingini utarudi kwenye urefu wake,
na utazivuta jirani zake zote,
zulia likunje uso mahali pamoja
hata ulilowekee mawe mwaka mzima.
Basi tukafumua.
Na kuzifikia zile kumi na saba
kulitaka kwanza kufumua zilizozifuata,
arobaini na tatu, zisizo na kosa lolote.
Zuwena akaguna. Nilikuwa upande wa Zuwena.
Donge likanenepa tena mikononi mwangu.

Tukaanza upya. Boriti, boriti.
Sikujaribu kuisahau nyumba; niliingia tu
chumba kimoja kwa kila mzunguko,
nikafungua dirisha, nikatoka.
Mbuzi anajua kwao. Ugwe ukatulia.

Adhuhuri kiganja kikapita mara ya pili.
Pale pale kikapunguza mwendo.
Nikasubiri.
"Ujiji ingalipo," Muzna akasema, macho yamefumbwa.
"Kidogo. Kidogo haikunji zulia."

Khalfani akatokea, kanzu imepigwa pasi,
funguo zinalia kidoleni,
akauliza kama sasa anaweza kuondoa gari.

Tulimjibu sote watatu, kwa lugha mbili,
na hakuna aliyeachia uzi.