Fundo

Nimejikata gumba kwa kioo,
kile chembamba cha kufunikia sampuli,
maabara ya Tudor, saa nane mchana,
stima imekwenda, feni imesimama.
Hakuna la kusimulia. Plasta, basi.

Lakini usiku, Kibokoni, mkono juu ya mto,
nayajua yanayotendeka chini ya plasta:
seli za ngozi zinatambaa ukingoni mwa jeraha,
kila moja yasukumwa na nyuzi za aktini,
punje juu ya punje, ncha ikirefuka,
utando ukitangulia kama pazia lenye upepo.

Nilidhani kupona ni kukua tu.
Kumbe ipo protini, pacha wawili waliokumbatiana,
umbo lake uyoga,
hufika nchani ikakaa, kofia:
wewe, hapo, yatosha.

Mbona ikataze, na jeraha li wazi?

Bi Saumu hajalala. Kofia ya bwana harusi wa Kuze
i mapajani, miwani imemshuka puani.
Kila kitundu hukizungushia uzi,
fundo, mkasi.
Namwambia, huo bado mrefu, waukatiani?
"Uzi ni huu mmoja. Ukiuwata wende,
utakwenda.
Kofia huioni."

Nikanyamaza, gumba likipwita.
Punje za aktini nazo zina mwisho.
Ncha zote zikiachwa wazi, zote hula,
nyuzi huwa ndefu, legevu,
hupinda zisisukume kitu,
na seli huota miiba badala ya kwenda.
Nyingi zikifungwa, chache zilizobaki hushiba,
vitawi vifupi huchipuka ubavuni, vigumu,
na ukuta husogea.

Wapo pia wanaokuja kuivua kofia,
maana fundo la seli si la milele:
nusu saa, pengine chini ya hapo,
uzi ukaitwa tena kazini.
Hilo sikumwambia. Angesema
fundo linalofunguka ni la fundi mvivu.

"Nitungie," akaninyoshea sindano,
"mato yangu yamechoka."
Nikaulowesha uzi kwa ulimi.
Nikakosa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu,
plasta ikinizuia.
Ya nne ukapita.