Tisa

Saa tatu usiku simu hutetemeka juu ya friji
na Shomvi hunisomea, huku anatafuna:
“Babu, mama anasema mawingu saba kwa nane,
ya tabaka, ya chini, yamelala juu ya barafu.
Upepo kusini-mashariki, mafundo ishirini na mbili.
Baridi kumi na tisa chini ya sifuri.
Halafu anasema unywe dawa.”

Namjibu ya Kipawa, ya saa tisa mchana:
mawingu matatu kwa nane, mafungu ya pamba
upande wa uwanja wa ndege. Joto thelathini na moja.
Umeme umekatika tangu asubuhi,
barafu za ukwaju za mama Tausi zimeyeyuka,
watoto wamezinunua nusu bei
wanazinywa kama uji.

Miaka thelathini na minne nimelipima anga hili
kutoka kwenye paa la kituo, penseli sikioni,
nikiligawa vipande nane kama mkate wa kumimina.
Ulikuwa na miaka saba ulipopanda ngazi nyuma yangu,
ukatazama juu, ukaonyesha magharibi:
“Baba, kile kipande kimeliwa.”
Nikaandika: saba.
Ilikuwa saba kweli.

Nilikuita Mwanamvua kwa masika yale
maji yalipoingia wodini
na wakunga wakavua viatu.
Nani angebashiri? Mimi ndiye niliyekuwa mbashiri,
na sikuona
kwamba mtoto wa mvua atapanda meli ya watafiti
aende kuhesabu mawingu kusini kabisa mwa dunia,
mahali ambapo mvua ni neno tu
la kuwaelezea wenzake wakati wa kula.

Ijumaa hii Shomvi akasoma, akasita.
“Ameandika tisa. Basi.
Babu, si ulisema mwisho ni nane?”

Mwisho wa mawingu ni nane.
Nane ni anga lililofunikwa lote,
lakini unaliona limefunikwa.
Tisa ni pale mpimaji anapoinua uso
akakosa hata anga la kupima.
Tisa si wingu, mjukuu wangu.
Tisa ni kukiri.

Usiku wa manane ukaja ujumbe mrefu.
Kwamba juu ni nyeupe, chini ni nyeupe,
mstari katikati umefutika. Hakuna kivuli.
Mnatembea mmefungana kamba
na anayetangulia hurusha glavu nyekundu mbele
ili ajue ardhi iko wapi.
“Nilirusha yangu, baba, ikasimama hewani.
Nikaogopa.
Kumbe hapo ndipo chini.”

Shomvi amelala na simu mkononi.
Nimekaa barazani na siri yangu.

Daktari alinimulika tangu Juni.
Akasema, “Mzee, ni mtoto wa jicho. Yote mawili.”
Nikacheka, nikamwambia ninaye mmoja tu
na yuko mbali.
Hakuelewa. Akaandika tarehe ya upasuaji
kwenye kikaratasi ambacho sikuweza kukisoma.

Yale matatu kwa nane, Mwanamvua,
niliyapima kwa upara.
Jua likichoma, nahesabu. Likipoa, nahesabu.
Mpimaji mzima, daraja la kwanza,
nimekutumia anga la kupapasa
miezi mitano.

Nikamwamsha mtoto.
“Andika. Kipawa. Saa nane na robo usiku.
Upepo hakuna. Mawingu: tisa.”
“Babu, mbona nyota zimejaa?”
“Wewe andika.”

Akaandika, akatuma, akarudi ndani akiburuta shuka.
Nikasimama peke yangu mbele ya ngazi za baraza,
tatu, nazijua kwa miguu,
na kila upande rangi ya maziwa.
Nikavua ndala moja.
Nikairusha mbele
nikategea sikio
mpaka ilipotua.