Sinki la Kushoto

Bi Stefania Hrynchuk alipiga simu mara tatu
kabla sijamaliza kahawa.
"Maji yameharibika," akasema. "Yananuka yai viza.
Njoo na pua yako tu. Zana utazikuta,
za Metro zimejaa ghalani."

Dauphin, Februari, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Gari langu lilikohoa mpaka kwenye reli,
na huko mbele theluji ilikuwa imeziba njia ya shamba
kama mtu asiyetaka wageni.

Bafu liko ghorofani.
Masinki mawili, pacha, rangi ya waridi,
waliyoyanunua walipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa
wasigombanie kioo asubuhi.
Kulia: mswaki, krimu ya mikono, vibanio vya nywele.
Kushoto hakuna kitu,
ila duara dogo la kutu
pale lilipokaa kopo la povu la kunyolea.

Alikwisha kumwaga siki. Alikwisha kumwaga magadi,
maji ya kuchemka, hata vodka ya Krismasi,
"nusu kwa sinki," akasema, "nusu kwangu."

Mimi huanza na bilauri.
Si spana. Bilauri.
Chota maji, toka nayo bafuni,
shuka nayo hadi jikoni, ndipo unuse.
Ukiyanusia palepale
utayahukumu maji kwa kosa la jirani yake.

Nikachota ya baridi, nikashuka ngazi, nikanusa:
chuma kidogo, kisima, basi.
Nikapanda, nikachota ya moto, nikashuka tena
(magoti yangu yana miaka hamsini na nane).
Nikampa naye anuse.
Alinusa jicho moja amelifumba,
kama anayepima maziwa ya juzi.
"Hayana kitu," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyepunjwa dukani.

Tukarudi juu.
Nikainamia lile la kushoto, pua kwenye tundu,
na shimo zima la maji machafu lililozikwa uani
likanipumulia usoni.

Kila sinki lina goti chini yake,
bomba lililokunjwa, na ndani ya lile kunjo
hukaa maji, kikombe hakijai.
Hayo ndiyo mlango.
Uvundo ukipanda unayakuta yameketi, unarudi ulikotoka.
Lakini maji yasiyoletewa wenzake hupungua.
Tanuri linanguruma usiku kucha,
hewa kavu inalamba, inalamba,
na asubuhi moja mlango haupo.

"Sinki hili lilitumika lini mwisho?"
Swali la kazi. Huuliza kila nyumba.

Alichukua taulo lililokwisha kukunjwa
akalikunja.
"Septemba. Tarehe kumi na nne.
Alinyoa ndevu kwa ajili ya hospitali.
Nilimwambia, nani atakutazama huko? Akanyoa."

Nilitafuta neno. Nikaishia kukaza nati
ambayo haikuwa imelegea.

Kisha nikafungua koki.
Ikatema hewa, ikatema kahawia, ikaja safi.
Chini ya sinki nilisikia goti likijaa,
sauti ndogo, kama mtu anayemeza dawa.
Tukakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, tukingoja,
mimi na yeye na ile harufu
iliyokuwa ikiondoka bila kuaga.

"Bilauri moja kila wiki," nikamwambia. "Ni hivyo tu."
"Kiasi gani?"
"Kwa bilauri ya maji? Usinichekeshe."
Akanifungia pirohi dazeni mbili,
na hundi juu yake, kwani nyumba ile, akasema,
haijawahi kudaiwa.

Nilikuwa mlangoni nafunga buti
nilipomsikia amepanda tena.
Koki ya kulia hufoka; nilikwisha kuijua.
Hii ilikuwa nyingine.
Ikatiririka. Nikafunga buti la pili.
Nikavaa glavu, nikatafuta funguo,
nikazipata,
na bado ilikuwa ikitiririka,
bilauri kumi, bilauri ishirini.